Njoo Alhamisi

"Alhamisi," nilimwambia. "Habari ya Ijumaa sitaki hata kuisikia."

"Odeta, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Sema Alhamisi halafu uendelee."

Maige akacheka huko Dar es Salaam, na kicheko chake kikanifikia Mwanza kikiwa kimechoka, maana simu yenyewe ilikuwa inakoroma utadhani imelala. Nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono miwili pale ofisini kwetu, kiwanda cha minofu ya samaki, Ilemela. Mwenzangu Winnie alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Hakuwa anatafuta kitu chochote, alikuwa ametega masikio.

"Meli ya Nansio inaondoka Ijumaa saa nane mchana, si ndiyo?" Maige alisema. "Ndege ya Ijumaa inatua Mwanza kabla ya saa sita. Nashuka, nachukua teksi, nawakuta bandarini hata hamjaanza kupanda. Wewe hofu yako nini?"

"Ndege ikichelewa?"

"Kwa nini ichelewe?"

"Maige, wewe ni mgeni katika nchi hii?"

Winnie akakohoa ili asicheke. Nikamgeuzia mgongo.

"Sikiliza," nilisema, sasa kwa sauti ya chini. "Jumamosi wazee wote wa ukoo wetu watakuwa kule kisiwani, Nansio, wanakungoja wewe. Wengine wanatoka Ukara kwa mitumbwi. Ng'ombe ameshanunuliwa. Siyo harusi ya kwenda kula pilau ukachelewa ukawekewa sahani yako. Ni posa yangu mimi. Mshenga wako atashuka kwenye meli, na wewe lazima uwe nyuma yake. Ukikosekana, hakuna posa."

"Nayajua yote hayo."

"Basi kama unayajua, panda ndege ya Alhamisi ulale Mwanza. Ijumaa tuamkie wote bandarini na mioyo imetulia."

Nikasikia laini ikikoroma, nikadhani imekatika. "Haloo? Haloo, Maige?"

"Nipo."

"Sasa mbona kimya?"

"Nakusikia unavyohema," alisema. "Nimeikumbuka pumzi yako."

Huyo ndiye Maige. Unamshika koo, yeye anakushika moyo. Nikasikia uso unapata joto nikaangalia chini, na Winnie hakuwa na haja ya kuuliza nimeambiwa nini.

"Usinibembeleze. Alhamisi au Ijumaa?"

"Amua wewe," akasema. "Sikutanii, Odeta. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

"Njoo Alhamisi."

"Haya," akasema. "Nakuja Alhamisi."

Nikakata simu nimeshinda. Nilishinda hasa, mpaka nikamnunulia Winnie soda.

Msinione king'ang'anizi bure. Nina dada yangu, Bernadeta, aliyenitangulia kuzaliwa. Bernadeta naye alichumbiwa, naye siku yake ilipangwa Nansio, na mwanaume wake akasema hayo hayo: nitafika siku ile ile, kuna basi la asubuhi, meli nitaiwahi. Basi likaharibika njiani. Sisi tulikuwa tumeshatangulia, tukasimama gatini Nansio tukiangalia abiria wanashuka, mwenye gunia, mwenye kuku, mwenye mtoto mgongoni, mpaka akashuka wa mwisho na meli ikabaki tupu. Mama alimshika Bernadeta mkono mpaka giza likaingia. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Watu wakala nyama kimya kimya, na kesho yake kisiwa kizima kikawa na jambo la kuzungumza. Yule mwanaume alikuja baada ya siku chache na maelezo yake mazuri kabisa, lakini nani alitaka maelezo? Wazee walikataa kumpokea. Bernadeta hadi leo akisikia honi ya meli anaingia ndani.

Ndiyo maana nikasema Alhamisi.

Halafu kulikuwa na jambo la Baba mkubwa Yeremia. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo kaka yake ndiye baba yetu, na neno lake ndilo neno. Maige alipoanza kunitaka alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo cha serikali, na Baba mkubwa hakuwa na neno. Kikaja kile kipindi cha kupunguza wafanyakazi, tena kwa mafungu mafungu, na Maige akawa mmoja wao. Baba mkubwa akageuka. "Mkwe asiye na kazi atamlisha binti yangu nini? Mawe? Mawe Mwanza yapo, hata bila kuolewa."

Mwaka mzima alimkataa. Mwaka mzima nililia, nikanyamaza, nikalia tena. Ndipo Maige akaenda Dar, akapata nafasi katika kiwanda kipya cha sabuni cha tajiri mmoja wa Nairobi. Akarudi likizo fupi, akapiga magoti mbele ya Baba mkubwa, mimi nikiwa pale na trei ya chai, akasema, "Baba, nimeajiriwa." Baba mkubwa akapokea kikombe chake, akasema mshenga aje.

Posa yangu yote ilikuwa imesimama juu ya neno hilo moja.

Alhamisi ndege ikatua jioni. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu ambalo Mama alinishonea, nikasimama pale kwenye uzio wa uwanja wa ndege upepo wa ziwa ukinichezea nywele nilizozihangaikia tangu asubuhi. Maige akashuka ngazi. Amekonda, nikasema moyoni. Amekonda lakini ni wangu.

Alipofika karibu hakunikumbatia, watu walikuwepo. Alinipa mkono tu. Ila mkono wenyewe hakuuachia, na macho yake yalikaa usoni kwangu mpaka mimi nikashindwa nikaangalia viatu.

"Mbona unaniangalia hivyo?" nikamuuliza.

"Nahakikisha."

"Unahakikisha nini?"

"Kwamba nimefanya vizuri kuja."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mapenzi.

Akaenda kulala Nyegezi kwa baba yake mdogo, Mzee Ngosha, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wetu. Mimi nikarudi Igoma kwa Mama nikiimba.

*

Ijumaa mvua ilianza tukiwa bandarini. Ilikuwa mvua ya Novemba, ile inayokuja na upepo kutoka ziwani na kuingia mpaka chini ya mapaa. Abiria wa Nansio tulikuwa tumejazana katika ukumbi, na mizigo yetu, na harufu ya dagaa ya watu wengine.

Mama alipata nafasi kwenye benchi chini ya dirisha. Baba mkubwa, aliyekuwa amekuja Mwanza kutibiwa macho na sasa anarudi nasi kisiwani, alikaa pembeni yake na fimbo yake katikati ya magoti. Mzee Ngosha alikuwa karibu na vitu vya posa, mablanketi na majembe, akivilinda utadhani amevizaa mwenyewe.

Maige alikuwa nje barazani, mvua ikimpiga.

Hakuwa na namna. Mama alikuwa ndani. Kwetu, tangu mshenga abishe hodi mara ya kwanza, mkwe mwanaume na mama mkwe hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana. Kama kuna neno, linapita kwa mtu wa tatu. Siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Mama amekaa ndani kajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, na Maige kasimama nje mgongo kaupa mlango, na mimi nakwenda huku na huku na leso kama mpumbavu, nikimfuta huyu maji na kumwuliza yule kama anasikia baridi.

"Mwambie asimame upande wa pili, kule hapavuji sana," Mama aliniambia polepole.

"Mama anasema usimame upande wa pili."

"Mwambie nashukuru," Maige akasema, na akasogea. Sasa alikuwa chini ya dirisha, nje kabisa ya pale alipokaa Mama, ukuta tu katikati. Dirisha lilikuwa la wavu. Wavu hauzuii kitu isipokuwa nzi, na sisi hakuna aliyelifikiria hilo.

Saa nane ikafika, meli imetulia pale pale gatini. Ikapita saa nzima. Watu wakaanza kuulizana. Hatimaye akatoka mtu wa bandari na koti la mvua, akapanda juu ya kreti, akasema mashine ya meli ina hitilafu. Meli haitaondoka leo, itaondoka kesho asubuhi.

Ukumbi mzima ukaguna. Mwanamke mmoja akasema samaki wake wa barafu nani atawala. Mzee Ngosha akashika kichwa.

"Ee mayo! Maige!" akaita kupitia mlangoni. "Wewe si fundi mitambo? Nenda kaitengeneze tuondoke."

"Baba mdogo, mimi ni wa mitambo ya sabuni," Maige akajibu.

Kisha akaanza kucheka.

Sicho kile kicheko chake ninachokijua. Alicheka ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, maji yanamtiririka shingoni, akacheka mpaka nikaona aibu kwa watu. Nikatoka nje nikamshika mkono.

"Unacheka nini?"

"Nacheka meli."

"Meli ina nini cha kuchekesha?"

"Ningekuja na ndege ya leo, ningewahi," akasema. "Ningekuja hata na ya jioni, Odeta. Ningelala usingizi wangu, ningekunywa na chai, na bado ningewahi."

Nikachukia. "Sasa si umeshafika? Kuwahi kuna ubaya gani? Au kulala kwa baba yako mdogo siku moja kumekuumiza?"

Akaacha kucheka. Akanitazama, na hapo ndipo nikaanza kuogopa, maana macho yake yalikuwa mekundu.

"Sina kazi, Odeta."

"Nini?"

"Leo asubuhi tajiri alikuwa anakuja kutoka Nairobi kuchagua mafundi wa kudumu. Anaita jina, unasimama mbele yake, mnapeana mkono, umeajiriwa. Asiyekuwepo, nafasi anapewa mwingine. Pale getini wapo watu wanaolala nje wakingoja nafasi. Sasa hivi kuna mtu amevaa ovaroli langu."

"Lakini wewe umeshaajiriwa. Ulimwambia Baba mkubwa."

"Nilikuwa kwenye majaribio."

"Ulisema umeajiriwa! Nilikuwepo, Maige, nilikuwa nimeshika trei!"

"Nilisema, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidanganya. Mzee aliniuliza, nikaona akinikataa siku ile hatanipokea tena. Nikajua miezi ikipita uongo utakuwa kweli na hakuna atakayeumia. Ilibaki leo tu. Asubuhi ya leo, halafu ndege, halafu meli. Nilikuwa nimeipanga yote."

"Na mimi nikakwambia uje Alhamisi."

"Na wewe ukaniambia nije Alhamisi."

Hasira ikanipanda hadi masikio yakavuma. Ningekuwa na kitu mkononi ningempiga nacho. Nilikuwa na leso tu, nikampiga nayo kifuani, na leso ilikuwa imelowa ikalia pwaa.

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu? Neno moja, Maige! Neno moja!"

"Ungejua kwamba nimemdanganya mzee."

"Sasa?"

"Sasa wewe huwezi kumficha mama yako kitu. Uso wako unasema kabla mdomo haujafunguka."

"Kwa hiyo ukaona afadhali uniachie niamue? Bila kujua naamua nini? Mimi niko ofisini nanunulia watu soda kwamba nimeshinda, kumbe nimeshika kisu nimefungwa macho! Hayo ni mapenzi gani? Ungesema mwenyewe, 'Odeta, haiwezekani, nakuja Ijumaa,' ningekasirika, ningenuna, yangekwisha!"

"Na kama ndege ingechelewa?"

Nikaikamua leso, maji yakamwagika barazani.

"Nijibu kitu kimoja," Maige akasema. Alisogea karibu, na pamoja na hasira zote nilisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, ile sabuni ya kiwanda chao. "Kama ningekwambia yote siku ile. Kazi, tajiri, kila kitu. Ungeamuaje?"

"Ningesema Alhamisi!"

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Lakini lilipotoka nikaona ndilo lenyewe, na sikulirudisha.

"Ningesema Alhamisi, hata kama kazi yenyewe ingekuwa ya ukuu wa mkoa! Kazi utatafuta, utapata, utaikosa, utatafuta tena. Tumeshaishi bila kazi yako mwaka mzima na sikukuacha. Lakini kusimama gatini Nansio nikikutafuta katika nyuso za watu, sitaweza. Nilimwona Bernadeta. Mimi nisingeamka tena, Maige. Umenisikia? Nisingeamka."

Nilikuwa nalia sasa, na mvua ikanisaidia kidogo kuficha. Maige akainua mkono akanifuta chini ya jicho kwa kidole gumba, taratibu.

"Nilijua ungesema hivyo," akasema. "Usiku ule baada ya simu sikulala. Nikajiuliza, Odeta akijua ataniambiaje? Kila nilivyogeuka nilikusikia unasema Alhamisi. Ndiyo maana nikaja."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma ndani ya ziwa. Sikupata nafasi ya kufanya lolote.

"Nimesikia," ilisema sauti ya Baba mkubwa.

Ilitoka dirishani, juu ya vichwa vyetu. Nikageuka nikauona uso wake nyuma ya wavu, na ukumbi mzima nyuma yake umegeukia kwetu. Hata yule mwenye samaki ametega masikio.

"Ngosha," Baba mkubwa akasema bila kupandisha sauti. "Umeniletea uongo nyumbani kwangu ukauita posa."

Mzee Ngosha alikuwa amesimama, mdomo wazi. "Mzee Yeremia, mimi haya nayasikia sasa hivi, na wewe ukisikia. Naapa mbele ya Mungu."

"Nakuamini. Wewe ni mtu mzima." Baba mkubwa akainuka, akaja na fimbo yake hadi mlangoni. Nikafikiri sasa atamtukana Maige mbele ya watu, nikajiandaa kusimama katikati. Lakini hakumtukana. Alimtazama Maige juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa upole kama anayemhurumia mgonjwa.

"Kijana," akasema, "mbona unalowa? Ingia ndani."

Maige hakusogea.

"Ingia, ingia. Pale kwenye benchi pana nafasi. Kaa karibu na shemeji yangu, mzungumze. Hapa hakuna mkwe wa mtu. Wewe ni abiria kama abiria wengine."

Mtu wa kutoka mbali angesema, tazama mzee mwenye huruma. Sisi tulielewa. Nikashika nguzo ya baraza. Baba mkubwa hakuwa na haja ya kupiga kelele. Maige akiingia na kukaa pembeni ya Mama, ukoo mzima utajua hakuna posa tena, maana nani aliona mkwe anakaa benchi moja na mama mkwe? Na akikataa, amemdharau mzee mbele ya abiria wote wa Nansio, na wengine ni majirani zetu.

"Baba," Maige akasema. "Hapa nilipo pananitosha."

"Nimekwambia ingia."

"Baba, kwa uongo wangu nipige fimbo hata sasa hivi. Nitapiga magoti hapa kwenye maji. Lakini usinikalishe pale."

"Unanipangia? Umeshindwa kunipangia ukweli, sasa unanipangia pa kukukalisha?"

"Mzee Yeremia, tuyazungumze kiutu uzima," Mzee Ngosha akaanza, na Baba mkubwa akamwinulia kiganja.

"Baba mkubwa," nikasema, "nakuomba..."

"Odeta, wewe kaa kimya. Nakuokoa na hujui."

Akamshika Maige mkono wa shati, akamvuta. Maige alikuwa kijana mwenye nguvu, angeweza kukataa, lakini mtu havutani na mzee. Akakanyaga kizingiti kwa mguu mmoja. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye suruali yakifanya dimbwi kwenye sakafu. Alinitazama, na katika maisha yangu sijawahi kuona mtu anaaga kwa macho namna ile.

Ndipo Mama aliposimama.

Mama yangu Teodora si mtu wa maneno. Ameshona nguo za watu Igoma miaka yote hiyo na hajawahi kugombana na mteja. Mbele ya shemeji yake huwa anaongea akiangalia chini. Alisimama, akavuta kanga akajifunika kichwa na uso wote, akauelekeza mgongo mlangoni, akaanza kutembea akipapasa ukuta kwa mkono, akiruka magunia na ndoo za watu, hadi mlango wa pili, ule wa mwisho wa ukumbi unaotokea baraza lile lile. Akaufungua. Upepo ukaingia na mvua.

"Shemeji!" Baba mkubwa akaita. "Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Natoka nje."

"Kufanya nini?"

"Mkwe wangu anataka kuingia," Mama akasema.

Nilisikia mtu anavuta pumzi, sijui alikuwa nani, huenda ni mimi.

"Mkwe gani?" Sauti ya Baba mkubwa sasa ilipanda. "Hukusikia? Hana kazi! Ametudanganya mchana kweupe!"

"Nimesikia. Nilikuwa chini ya dirisha, nimesikia kabla yako." Mama aliongea ndani ya kanga, bado mgongo ametugeuzia. "Kwa uongo wake nitamsema. Tena nitamsema vibaya. Lakini nitamsema kupitia kwa mwanangu, kama inavyotakiwa."

"Mama Bernadeta..."

"Shemeji, mimi nilisimama gatini na mtoto wa kwanza. Wewe ulikuwa nyumbani unakaribisha wageni, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Nilikuwa nasikia anavyotetemeka. Yule alikuwa na kazi, tena nzuri, na hakuja. Huyu ameiacha kazi akaja kabla ya siku yake kwa sababu ameitwa." Akaushika mlango uliokuwa unasukumwa na upepo. "Sasa anaingia au haingii? Maana mimi naloa."

Akatoka. Mlango ukagongana na fremu nyuma yake.

Halafu yule mwanamke wa samaki akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo mwenyewe kwa kushtuka. Mzee Ngosha akavua kofia. Baba mkubwa alikuwa bado ameshika shati la Maige, akatazama mkono wake kama umemponyoka kwenda pale peke yake, akauachia. Akarudi kwenye benchi. Akakaa, akaiweka fimbo katikati ya magoti, akatazama sakafu.

"Haya mambo," akasema mwishowe, kwa sauti nzito, "tutayasema Nansio."

Sikuamini masikio yangu. Nansio! Hakusema hakuna safari, wala hakumwambia Ngosha abebe mablanketi yake arudi nayo Nyegezi. Alikuwa amekasirika, na angekasirika wiki nzima, na Maige angehojiwa na wazee hadi jasho limtoke. Lakini angehojiwa akiwa mkwe.

Maige akautoa mguu wake kwenye kizingiti. Hakuingia. Alirudi barazani, akasimama upande huu akiwa ameupa mgongo ule upande wa pili, ambako Mama naye alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, kanga yote imemganda mwilini kwa maji, mgongo ametugeuzia sisi. Ndani, pembeni ya Baba mkubwa, nafasi ya Mama kwenye benchi ilikuwa tupu na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Nikaenda nikasimama katikati ya baraza, kati ya migongo miwili. Nilikuwa nampenda Mama siku ile mpaka kifua kiliniuma.

"Odeta," Maige akasema polepole, bila kugeuka. "Mwambie mama shikamoo."

Nikageukia upande wa pili. "Mama, anasema shikamoo."

Mama akaibandua kanga iliyomganda mdomoni.

"Mwambie marahaba," Mama akasema. "Na mwambie akinidanganya tena, nitaingia nikae naye benchi moja."

Nikamgeukia Maige nikamwambia, neno kwa neno, ingawa alikuwa ameshasikia yote na alikuwa analia.